Kibali cha Marehemu

Gaylon Pruitt alinyoa masharubu yake ya miaka ishirini na minane kwenye sinki la chumba cha gesti, mlango ukiwa wazi, na shemeji yake Lavonne amesimama nyuma yake na leseni ya gari mkononi. Leseni ilikuwa ya marehemu. Kila wembe ulipopita mara mbili tatu, Lavonne aliinua leseni, akaitazama picha, kisha akakitazama kioo.

"Sasa?" aliuliza Gaylon.

"Bado. Delbert alikuwa na kidevu."

"Na kidevu nacho utanipa wewe?"

"Inua uso kidogo. Hapo hapo. Ukikaa hivyo mnafanana."

"Nikikaa hivi nafanana na kuku anayekunywa maji." Gaylon alijifuta povu kwa taulo. "Shemeji, mimi ni shemasi. Kila Jumapili napitisha sahani ya sadaka. Leo napitisha leseni ya maiti."

"Ni kuionyesha tu. Dakika tano."

"Yuda naye hakuchukua zaidi ya hapo."

Lavonne hakucheka. Alitazama mahali masharubu yalipokuwa. Uso wote wa Gaylon ulikuwa mwekundu kwa jua la mashamba, maana kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maji, lakini pale juu ya mdomo ngozi ilikuwa nyeupe kama ukuta ulioondolewa picha. Akasema haionekani sana. Gaylon akasema yeye anaiona. Wakaacha hivyo, wakabeba mizigo garini.

Hawakuwa watu wa kudanganya hawa. Lavonne alikuwa mchambuzi wa machungwa katika kiwanda cha kufungasha pale mjini Lindsay, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutia mfukoni hata chungwa moja zima. Mumewe Delbert alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Mwezi wa nne aliinama chini ya basi asiinuke tena. Kwa miaka tisa alikuwa akiomba kibali cha kwenda kulala kwenye Ziwa la Shaba, chini ya Mlima Cordell. Mlima huo unapendwa na watu wengi kuliko unavyoweza kubeba, kwa hiyo wanaopanda huhesabiwa kila siku, na kila anayetaka hutupa jina lake kwenye kura ya mwezi wa pili, akangoja. Miaka minane jina la Delbert halikutoka. Mwaka wa tisa likatoka: watu wawili, siku tatu za kulala, kuanzia tarehe kumi na nane Julai. Barua yake akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya umbo la ndimu. Hakumaliza wiki sita.

Chini ya barua hiyo kulikuwa na maandishi madogo. Kibali hakihamishwi. Kitachukuliwa na kiongozi wa safari mwenyewe, na kitambulisho chake, au na kiongozi wa akiba aliyeandikwa siku ya kuomba. Asipotokea hata mmoja, nafasi watapewa wanaosubiri.

Kiongozi wa akiba hakuwepo. Lavonne alikuwa na hakika hakuwepo, kwa sababu yeye ndiye aliyekataa kuwa.

Kila mwezi wa pili Delbert aliketi mezani na kompyuta ya binti yao Shawna, miwani ikimning'inia puani, akauliza bila kugeuka, "Nikuandike?" Na kila mwaka Lavonne alimjibu, "Andika," kama mtu anavyoitikia kuulizwa kama mlango umefungwa. Mwaka huu alikuwa ametoka kusimama saa kumi mbele ya mkanda wa machungwa. Miguu ilikuwa imevimba, na vyombo vilijaa sinki.

"Nikuandike wa akiba, Vonnie?"

"Usiniandike," alisema. "Nimechoka na huo mlima wako. Mwandike ndugu yako. Mwandike dubu."

Delbert alibonyeza vitufe vyake, akafunga kompyuta, akaenda kulala. Asubuhi walizungumza habari za maziwa na za bomba linalovuja. Neno lile hakuna aliyelirudia wala aliyelifuta. Barua ilipokuja, Delbert aliileta mpaka kwenye geti la kiwanda wakati wa chakula cha mchana, ameikunja mfukoni mwa shati kama cheti cha mtoto. Lavonne akasema, "Hongera." Hata glavu hakuvua.

Shawna alimwambia, "Mama, wapigie simu uwaeleze. Na wao ni watu."

"Ukiuliza, umekwisha kukataliwa," Lavonne alijibu.

Walijaribu kufungua akaunti ya Delbert waone kilichomo. Walijaribu siku ya kuzaliwa ya Shawna, jina la mbwa, namba ya gari. Jina la Lavonne hawakulijaribu. Mwenyewe aliwaambia wasipoteze muda. Kisha mashine ikajifunga, na hapo ndipo alipomkumbuka Gaylon, aliyezidiwa na kaka yake miaka miwili tu na aliyekuwa na macho yale yale.

*

Ofisi ya vibali ilifungua saa mbili asubuhi, na foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Wengi walikuwa vijana wa mijini, wamevaa nguo nyepesi zinazokauka upesi, shanta zao mpya bado zina harufu ya duka. Shanta ya Gaylon ilikuwa ya Delbert, na kamba yake moja Delbert aliishona kwa waya wa breki. Kijana mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea aliitazama jinzi ya Gaylon, akamtazama mwenzake, kisha wote wawili wakatazama dari.

Ndani ya shanta hiyo, katikati ya soksi, kulikuwa na chupa ya supu yenye mdomo mpana ambayo Delbert alikwenda nayo kazini kila siku. Sasa humo ndimo alimokuwa yeye, majivu yanayongoja kumwagwa ziwani.

Walipewa namba, wakaambiwa wakae. Kwenye benchi kando ya dirisha alikuwapo mwanamke mmoja mzee akifuma soksi ya kijani. Jina lake Bi Okimoto, mwalimu mstaafu wa mji wa Reedley. Alijisogeza akawapa nafasi kabla hawajaomba.

"Mna kibali?" aliwauliza.

"Tunacho," alisema Lavonne.

"Heri yenu. Mimi hii ni asubuhi ya tatu. Nataka nafasi moja tu, sina mtu nyuma yangu. Saa tano wanagawa za wale ambao hawakutokea." Alivuta uzi. "Simwombei mtu ajali. Naomba tu mmoja wao apitiwe na usingizi."

"Huwezi kuja mwakani?"

"Nina miaka sabini na moja, na goti hili daktari amelipa msimu mmoja. Mwakani nitakuja kuutazama nikiwa kwenye gari." Alisema hivyo bila kujihurumia, akamgeukia Gaylon. "Na nyinyi mmeungoja muda mrefu?"

Gaylon alifungua mdomo. Lavonne akamwahi.

"Mume wangu ameungoja miaka tisa."

Uso wa mama yule ukachangamka, akamwinamia Gaylon. "Hongera, bwana. Subira yako imelipa."

"Asante," Gaylon aliviambia viatu vyake.

Lavonne alitazama ukutani, kwenye picha ya dubu anayekula mkate wa watu. Hakuwa amesema uongo. Kila neno alilolitamka lilikuwa kweli, na ndiyo maana hakutaka kumgeukia mama yule. Alihesabu nafasi zao. Mbili. Moja ya Gaylon aliyejifanya Delbert, na moja yake yeye, ambaye hakuandikwa popote. Mwanamke mwenye soksi ya kijani alihitaji moja tu.

"Shemeji," Gaylon alinong'ona mama huyo alipokwenda kunywa maji, "bado tunaweza kuinuka tuondoke."

"Tumwache kwenye chupa?"

Lavonne alijua lile swali lingemnyamazisha. Alilichagua kwa sababu hiyo.

*

"Pruitt, watu wawili!"

Kwenye kaunta alikuwapo afisa misitu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele kazifunga nyuma, jina lake limeandikwa kifuani: Ines Arrieta. Alichukua leseni, akaitazama. Akamtazama Gaylon. Gaylon aliinua uso kama alivyofundishwa.

"Bwana Delbert Pruitt," alisema Ines.

"Naam."

"Umerudi."

Gaylon hakujua alikuwa amekwenda wapi. "Nimerudi," alisema.

"Mwaka huu mikono mitupu?"

"Mikono... ndiyo. Mitupu."

Macho ya Ines yalishuka, yakatua juu ya mdomo wa Gaylon, pale peupe, yakatulia hapo. "Haya. Kuna maswali ninayomuuliza kila mtu. Usiku chakula utakiweka wapi?"

"Ndani ya hema."

Lavonne alimkanyaga.

"Yaani, kwenye mkebe wa dubu, ule asioweza kuufungua," alisema Gaylon upesi. "Na mkebe nje ya hema. Mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Mpaka dubu achoke."

Kijana mwenye fimbo akacheka huko nyuma. Ines hakucheka.

"Na choo?"

"Nitakwenda kabla hatujaondoka."

"Nasema mlimani, bwana Pruitt. Kule juu hakifukiwi. Kinarudi na mwenyewe, kwenye mfuko. Mwaka juzi wewe ndiye uliyekuwa ukiwafundisha watu jambo hilo, pale kwenye benchi."

Shingo ya Gaylon iliiva. Lavonne aliona kidole gumba cha shemeji yake kikisugua ukingo wa kaunta, kikienda na kurudi, kama alivyokuwa akifanya Delbert akiulizwa jambo ambalo hana jibu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, walifanana.

Ines alisukuma karatasi. "Soma, kisha utie sahihi."

Gaylon alishika kalamu. Aliiweka juu ya mstari, akaiinua, akamtazama Lavonne. Alimtazama kama mtu anayemwomba mwenzake amzuie. Lavonne angeweza kusema basi. Aliinamisha kichwa kidogo tu, na Gaylon akaandika jina la kaka yake aliyekufa, herufi moja moja.

Karatasi ikarudi kwa Ines. Hakuigonga muhuri. Aliifunika kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo foleni haikuisikia:

"Kila Agosti, kwa miaka sita ambayo nimefanya kazi hapa, Delbert Pruitt alikaa kwenye benchi lile siku nne za likizo yake, akingojea nafasi ya mtu asiyetokea. Alikuja na katoni ya machungwa, akagawa kwa foleni nzima, na sisi hakutusahau. Mara mbili zamu yake ilifika, akampisha mtu aliyekuja na watoto. Kisha anakwenda zake nyumbani. Namjua. Bwana huyu siye. Delbert yuko wapi?"

Lavonne alishika kaunta. Kila Agosti Delbert aliondoka na katoni ya machungwa yenye mabaka ambayo kiwanda huwapa wafanyakazi wake, akarudi siku ya tano uso umeungua na jua. Ukimuuliza habari za safari, husema, "Mlima upo." Lavonne alidhani anavua samaki. Alikuwa akimnunia wiki nzima kwa kuvua samaki na kuburudika wakati yeye amesimama kwenye mkanda.

"Yumo ndani ya shanta," alisema.

Gaylon aliishusha, akatoa soksi, akaisimamisha chupa ya supu juu ya kaunta. Kijana mwenye fimbo aliacha kucheka.

"Lini?" aliuliza Ines.

"Aprili."

"Pole sana, mama. Nilikuwa nikimtazamia mwezi ujao." Alijikuna jicho kwa kifundo cha kidole. "Na wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Lavonne."

Ines aliigeukia kompyuta yake. Alisoma, akarudia kusoma, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa na uchovu kuliko hasira. "Una leseni yako mwenyewe hapo?"

"Ninayo."

"Mama, ungekuja na hiyo peke yake, dakika tano zingetosha."

Akaigeuza kompyuta kumwelekea. Lavonne alivaa miwani. Kiongozi wa safari: Delbert Pruitt. Chini yake, kiongozi wa akiba: Lavonne Pruitt. Herufi zilikuwa kubwa na nyeusi, wala hazikuhitaji kuvaliwa miwani.

"Nilimwambia asiniandike," alisema.

"Aliandika."

"Nilimwambia amwandike dubu."

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Lavonne hayakungoja ukoo. Yalizaliwa pale pale kaunta, yakiwa na meno. Kumbe wakati yeye amempa mgongo akisugua sufuria, yule mtu nyuma yake alikuwa akiliandika jina lake, bila ugomvi, kisha akafunga kompyuta akaenda kulala. Na yeye tangu siku ya mazishi alikuwa akimbeba moyoni kama mtu aliyekufa na kinyongo.

"Basi tupe," alisema Gaylon. "Kama yumo, tupe twende."

"Yeye nitampa." Ines alishusha sauti zaidi. "Mkubwa wangu yuko nyuma ya kioo kile. Nikimwita, kibali chote kitafutwa, na wewe, bwana, utaandikiwa kesi. Simwiti. Lakini umenipa kitambulisho cha mtu mwingine na ukatia sahihi mbele yangu. Siwezi kukupitisha. Nafasi yako inarudi kwa wanaosubiri."

"Mpe yeye yangu," alisema Lavonne. "Ni ndugu yake, wamenyonya ziwa moja. Mimi ndiye niliyemwambia anyoe. Mimi ndiye niliyemleta."

"Haihamishwi, mama."

"Shemeji, nyamaza," alisema Gaylon. "Chukua karatasi."

Ines aliichana ile yenye sahihi vipande vinne, akavitia kwenye kapu. Kisha akamuuliza Lavonne chakula atakiweka wapi usiku, na choo je, na moto je, moja baada ya jingine, naye akajibu sawasawa yote. Miaka tisa alikuwa akiyasikia mezani. Hakujua kama alikuwa akisikiliza.

*

Kwenye maegesho walimwaga shanta zote mbili juu ya turubai. Mzigo wa watu wawili ukawa unatakiwa uwe wa mmoja. Sufuria kubwa ikatoka, nusu ya maharage ikatoka, hema la watu wawili likabaki, maana hawakuwa na jingine. Gaylon alifunga na kufungua kamba bila kuinua macho.

"Nikwambie kinachoniuma?" alisema mwishowe. "Si kushikwa. Nimeshikwa mara nyingi nikiwa kijana. Ni kwamba ulikuwa na hakika."

"Hakika ya nini?"

"Kwamba hakukuandika. Mimi sikuwa na hakika. Nilikwambia nini pale nyumbani? Nilikwambia Delbert hakuwa mtu wa kisirani. Ukasema, 'Wewe hukulala naye.' Nikakusikiliza, maana kweli, mimi sikulala naye miaka thelathini na mbili. Nikasema huyu anamjua."

"Nilimjua."

"Hukumjua, shemeji."

Lavonne alikunja koti la mvua la Delbert. Likakataa kukunjika, akaanza upya. "Nipige basi," alisema.

"Nikupige nini. Shika hapa nikaze kamba."

Akashika. Kamba ikakazwa. Gaylon aliichukua chupa ya supu, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akakaa nayo mapajani kwa muda, kwenye ukingo wa gari.

"Nilimwahidi kumwimbia huko ziwani," alisema. "Hospitali, akiwa kwenye mashine. Sijui kama alisikia. Wewe huwezi kuimba."

"Siwezi."

"Hata ya kanisani huwezi. Unaifuata kama mtu anayekimbilia basi." Alijaribu kutabasamu, na mdomo wake usio na masharubu ulionekana uchi, wa mtu mwingine, wa mzee zaidi. "Basi mwambie shemasi alizuiwa getini."

Saa tano na nusu mlango wa ofisi ulifunguka, Bi Okimoto akatoka na karatasi mkononi na soksi ya kijani chini ya kwapa. Alikuja moja kwa moja kwao, akitembea kwa goti lile, uso umemng'aa.

"Nimepata!" alisema. "Kuna mmoja amelala, Mungu ampe usingizi mwema." Kisha akaiona shanta moja imesimama, na nyingine imelala tupu juu ya turubai. Tabasamu likapunguka. "Kwani bwana haendi?"

Gaylon akajishughulisha na sufuria. Jibu jepesi lilikuwapo, tayari mdomoni: mgongo, tumbo, kazi imemwita. Mama yule angelipokea na kwenda zake na furaha yake nzima. Lavonne alilitazama jibu hilo kama anavyolitazama chungwa zuri lenye kitobo kidogo chini.

"Hakuna aliyelala," alisema. "Nafasi hiyo ilikuwa yake. Na yeye si mume wangu, ni shemeji yangu. Mume wangu amefariki, ndiye huyu kwenye chupa. Nilimleta ndugu yake ajifanye ndiye, tukashikwa, akaondolewa. Nilikudanganya pale kwenye benchi."

Bi Okimoto aliitazama chupa. Aliitazama karatasi yake. Mkono wenye karatasi ukaanza kunyooka kuelekea kwa Gaylon.

"Haihamishwi," walisema Gaylon na Lavonne kwa pamoja.

Mkono ukarudi. Alikaa akiikunja ile karatasi mara mbili, mara nne. "Ningependa usingeniambia," alisema, si kwa ubaya, akaenda kwenye gari lake polepole.

"Umemharibia siku," alisema Gaylon.

"Najua."

"Haya. Panda nikupeleke."

*

Gaylon alisema atangoja pale pale mwanzo wa njia, alale garini mpaka siku ya nne, na hakutaka kubishiwa. Alimvika Lavonne shanta, akamfungia mkanda wa kiunoni kama anavyofungwa mtoto. Kibali kilikuwa kimefungwa kwa waya kwenye kamba ya bega, karatasi ndani ya nailoni. Hakumkumbatia. Alipiga shanta kofi mara mbili, pale ilipokuwa chupa, kama anavyopigwa farasi aende. Lavonne alipogeuka kwenye kona ya kwanza, alimwona bado amesimama, mkono mmoja juu ya mdomo.

Siku ile alitembea mpaka jua likapungua nguvu, akalala peke yake ndani ya hema la watu wawili, upande wa kushoto, kama nyumbani. Siku ya pili njia ilipanda kwa zigizaga ndani ya mawe. Kila hatua chupa iligonga ubavu wa mkebe wa dubu: ko, ko. Angeweza kusimama akaihamisha. Hakuihamisha. Bi Okimoto alimkuta ameketi akipumua, akampita kwa goti lake na fimbo yake, akamwachia tende tatu juu ya jiwe bila kusema neno.

Karibu na mchana, mzee mmoja mwenye kofia ya maafisa misitu alishuka kutoka juu akikagua vibali. Alimwamkia Lavonne vizuri, akainama kwenye kamba ya bega lake, akasoma kwa kidole.

"Watu, mmoja. Sawa. Kiongozi wa safari, Delbert Pruitt." Alitazama njia aliyotokea Lavonne, chini, mpaka kwenye miti. "Yuko nyuma?"

Lavonne angeweza kusema ndiyo. Alikuwa nyuma kweli, mgongoni pake, kati ya soksi na mchele. Angesema ndiyo, na lingekuwa neno la kweli kama lile la kwenye benchi.

"Amefariki," alisema. "Mimi ndiye wa akiba."

Mzee akavua kofia. Alisoma mstari wa chini, akautazama uso wake, akausoma tena. "Lavonne."

"Nilimkatalia," alisema Lavonne. "Akaniandika."

Yule mzee alikuwa amekuja kukagua karatasi tu. Alivaa kofia yake, akainyoosha nailoni pale ilipokuwa imejikunja.

"Karatasi yako iko sawa, mama," alisema. "Pita. Ukifika kwenye jiwe lililopasuka, shika kushoto. Maji yako huko."

Alimshukuru. Akaingiza vidole gumba chini ya kamba, kamba moja ya kiwanda na moja ya waya wa breki, akapanda.